Nailoni Haikuiua Nyatiti

Msimu wa tamasha la muziki la shule ukikaribia, nyatiti, vile vinubi vya nyuzi nane, zilizolala mwaka mzima juu ya makabati ya walimu hushushwa, hupanguswa vumbi na kuonekana kuwa mbovu. Uzi wa tatu umekatika. Ngozi imelegea. Pete moja ya kitambaa ya kutunia imeliwa na panya. Simu zinaanza kupigwa kutoka Kisumu hadi Siaya, Ugenya na Asembo kutafuta fundi, na kila mtu, ajuaye na asiyejua, anatoa fatwa yake kuhusu kipuri gani kiwekwe wapi.

Fatwa hizo utazisikia sokoni Kibuye, nje ya kumbi za mashindano, kwa wazee wenye haki ya kusema na kwa vijana waliosoma jambo jana usiku kwenye simu. Baadhi zina ukweli nusu. Nyingi hurudiwa kwa sababu zina ladha mdomoni tu. Nitazijibu moja moja, nikianza na ile kubwa, kwa kuwa ikianguka hiyo nyingine kadhaa huanguka nayo.

"Nailoni imeua nyatiti, turudi kwenye kano za ng'ombe."

Dai hili husemwa kwa uchungu, na anayelisema mara nyingi anaipenda nyatiti kweli. Ana haki katika mambo mawili. Nyatiti ya mababu ilifungwa kano za ng'ombe zilizokaushwa, zikachanwa na kusokotwa kwa mkono. Na sauti ya kano si sauti ya nailoni. Uzi uliosokotwa kwa mkono haulingani unene kutoka mwanzo hadi mwisho, na uzi usiolingana hutoa sauti yenye chengachenga, isiyo safi, ambayo sikio lililoizoea huitamani.

Tatizo ni neno "imeua". Nailoni iligunduliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani. Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, utumbo uliokuwa ukitengenezewa nyuzi za gitaa la Kihispania ulikuwa haba, kwa kuwa madaktari waliutumia kushonea majeraha. Albert Augustine, fundi wa New York, akaanza kutengeneza nyuzi za nailoni, na Andrés Segovia, mpiga gitaa aliyeheshimiwa kuliko wote wakati huo, akazikubali. Haikuchukua muda mrefu wapigaji wa gitaa hilo duniani wakahama kutoka kwenye utumbo. Sijasikia mtu akisema Segovia aliliua gitaa.

Huku kwetu nailoni haikuja na mwanamuziki maarufu. Ilikuja na wavuvi. Mshipi wa ndoana ulikuwa dukani tayari, bei yake ndogo, unene wake sawa kutoka ncha hadi ncha, hauozi, na panya hana haja nao. Jathum, yaani mpiga nyatiti, wa kijijini aliyekuwa akisubiri ng'ombe achinjwe, kano zikaushwe, zichanwe, zisokotwe, halafu zilegee mvua ya kwanza ikinyesha, aliona kitu kinachomfaa akakichukua. Hakusaliti chochote. Ndivyo mababu zake nao walivyofanya: walichukua kilichokuwa karibu na kilichofanya kazi. Na wengi wanaolalamikia nailoni ndio hao hao wanaoisifu En Mana Kuoyo ya mpiga nyatiti Ayub Ogada, albamu ya mwaka 1993, wakati mshipi wa kuvulia ulikuwa umekwisha kuwa uzi wa kawaida wa nyatiti. Wimbo wake "Kothbiro" ulipotumiwa katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005 na kusikika pembe zote za dunia, hakuna aliyeulizia kano.

Kama nyatiti imepungua matangani, tuwatazame kwanza walio na spika kubwa za kukodi na jenereta. Mshipi wa ndoana hauna kesi ya kujibu.

Bado kano zina mahali pake. Anayetengeneza ala kwa ajili ya jumba la makumbusho, au anayetaka kurekodi sauti ile ya zamani kwa makusudi, azitafute, alipe gharama yake na akubali kutuni kila wingu linapotanda. Afanye hivyo kwa kuitaka sauti, si kwa kuionea haya nailoni.

"Basi mshipi wowote unafaa, uzi ni uzi."

Hapa ndipo nyatiti nyingi zinapoharibiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyatiti moja ya shule niliiona imefungwa nyuzi zote nane kutoka kwenye kibiringo kimoja, unene ule ule. Nyuzi za sauti za juu zilikuwa zimekazwa hadi zinalia kwa uchungu ukizigusa. Za chini zilikuwa zimelegea kiasi kwamba ukizikwanyua zinapigana na jirani zake kabla hazijatoa sauti. Mwalimu alidhani ngozi imekufa. Ngozi ilikuwa nzima kabisa.

Sauti ya uzi hupangwa na mambo matatu: urefu wake, mvuto uliowekwa juu yake, na uzito wake. Urefu wa nyuzi za nyatiti haupishani sana, kwani zote hutoka chini ya bakuli, hupanda juu ya daraja na kwenda kwenye upau. Vinabaki mvuto na uzito. Ukifunga unene mmoja kwa nyuzi zote, umejinyima uzito. Kilichobaki kucheza nacho ni mvuto peke yake. Na mvuto hauendi sambamba na sauti, huenda kwa mraba wake. Uzi ukishushwa oktavu moja bila kubadilisha unene, unabaki na robo tu ya mvuto uliokuwa nao. Robo hiyo haitoshi kuisukuma ngozi, ndiyo maana nyuzi za chini za ile nyatiti ya shule zilikuwa mfu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Uzi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.8 na urefu wa sentimita 60, ukitakiwa utikisike mara 220 kwa sekunde, unahitaji mvuto wa kilo 4 hivi. Ukiweka wa milimita 1.0 mahali pake kwa sauti ile ile, mvuto unapanda kwa zaidi ya nusu na kukaribia kilo 6 na robo. Tofauti ya milimita 0.2 macho hayaioni vizuri, lakini upau unaihisi, na kidole cha mpigaji kinaihisi zaidi. Kwa upande wa pili, uzi wa oktavu ya chini kwa mvuto huo huo wa kilo 4 unapaswa kuwa mnene mara mbili, yaani milimita 1.6.

Kwa hiyo nyatiti yenye nyuzi nane inahitaji angalau unene wa aina tatu, na nne ni bora. Anayenunua mshipi asiulize tu "wa samaki gani". Asome kibiringo: watengenezaji wengi huandika unene kwa milimita pamoja na kilo ambazo uzi unaweza kuvuta kabla ya kukatika. Kama hakuna maandishi, fundi yeyote wa mashine ana kipimo cha venia, na kuazima ni bure. Uzi wa kusuka, ule wa nyuzinyuzi nyingi, uachwe kwa wavuvi. Hunywa maji, huchubua vidole, na sauti yake ni butu. Uzi uliofumuliwa kutoka kwenye wavu nao hautufai, ni mwembamba mno, achilia mbali kwamba nyavu za nailoni ya uzi mmoja zimepigwa marufuku ziwani na hutaki kuonekana nazo.

Jambo moja zaidi kuhusu nailoni mpya. Hunyooka. Utaituni asubuhi, mchana imeshuka, jioni imeshuka tena, na hali hiyo huendelea kwa siku kadhaa hadi itulie. Wanaobadilisha nyuzi usiku wa kuamkia mashindano wanalaumu baridi ya ukumbini kesho yake. Lawama iende kwa aliyechelewa.

"Waya wa chuma una sauti kubwa kuliko vyote."

Chuma ni kizito karibu mara saba kuliko nailoni ya ujazo ule ule. Rudi kwenye hesabu yetu: waya wa milimita 0.8, sentimita 60, mitikisiko 220, utavuta kilo 28 hivi. Nyuzi nane za namna hiyo ni zaidi ya kilo 220 juu ya mikono miwili ya mti na upau uliofungwa juu yake, wakati nyuzi nane za nailoni zingevuta kilo 32 tu. Sauti kubwa utakayoipata ni ya upau ukivunjika.

Mtetezi wa waya atajibu kwamba si lazima uwe mnene hivyo, na yuko sahihi. Waya wa milimita 0.3 huvuta kilo 4 kama ile nailoni ya 0.8. Ala haitavunjika. Ila sasa mpigaji anakwanyua kisu. Vidole vya jathum hufanya kazi usiku kucha, na mikono miwili yote hukwanyua. Hakuna mkono unaopumzika kwa kubonyeza tu kama kwenye gitaa. Halafu sauti ya waya mwembamba hung'ang'ania hewani, noti ya kwanza haijaondoka ya nne imefika, na ule mdundo mkavu wa nyatiti unaofanya watu wainuke kwenye viti unageuka ukungu. Wanamuziki wa benga waliotaka sauti ya chuma walifanya jambo la busara zaidi: waliacha nyatiti kama ilivyo, wakachukua gitaa la umeme na kulifundisha kukwanyua kama nyatiti. D. O. Misiani na wenzake walijenga muziki mzima hapo.

"Ngozi ni ngozi, ya mbuzi ni rahisi, ya kenge ndiyo tamu."

Haya ni madai mawili yaliyofungwa kitambi kimoja.

Ngozi ya mbuzi ni nzuri kwa ngoma ndogo. Ni nyembamba, hukazika upesi, sauti yake ni kali. Kwenye nyatiti hali ni tofauti kwa sababu ngozi haipigwi, inakandamizwa. Nyuzi zote nane zinalibana daraja chini, mchana na usiku, hata ala ikiwa imelala kabatini. Ngozi nyembamba hubonyea pale daraja liliposimama, nyuzi zinashuka, na baada ya muda unapata shimo lenye umbo la daraja. Ngozi ya ng'ombe huvumilia. Isiwe ya mgongo wa fahali mzee, nene kama soli, maana hiyo haitikisiki. Lakini iwe ya ng'ombe.

Kenge hana la kujadiliwa. Kwa Waganda, endongo, kinubi chao, ilifunikwa ngozi ya kenge na ilisifiwa kwa hiyo. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina meno makali. Fundi anayekuambia atakupatia "kwa njia zake" anakuuzia kesi pamoja na ngozi.

Kosa linalonikera kuliko hayo mawili ni la ngozi iliyotiwa dawa. Mtu anapita kwa mshona viatu, anaona kipande kizuri laini cha kahawia, anakinunua. Ngozi ya kiatu imetengenezwa ili ibaki laini inapokauka, na hiyo ndiyo sifa usiyoitaka. Ngozi mbichi, iliyonyolewa manyoya, ikalowekwa, ikavutwa juu ya bakuli ingali na maji na kuachwa ikauke kivulini, hujikaza yenyewe na kuwa ngumu kiasi cha kulia ukiigonga kwa ukucha. Ya kiatu haitafika hapo hata uivute kwa trekta.

Na ukienda machinjioni, huko Mamboleo au kwingineko, ujue kwamba ngozi nyingi za biashara huhifadhiwa kwa chumvi. Chumvi huita maji. Ngozi isiyosuuzwa vizuri itakauka leo, itapendeza, halafu kila jioni unyevu wa ziwa ukipanda italegea kuliko ngozi ya jirani. Isuuze kwa maji mengi, ibadilishe maji, isuuze tena. Kwa sababu hiyo hiyo misumari ya chuma ukingoni ni balaa: chumvi, maji na chuma huzaa kutu, kutu hula ngozi, na ngozi huanza kuchanika kutoka kwenye tundu la msumari. Kamba za ngozi zilizovutwa nyuma ya bakuli ni kazi ya nusu siku zaidi, lakini zinaweza kukazwa tena.

"Weka plastiki ya ngoma za kisasa, unyevu hautaigusa kamwe."

Hili ni jibu la kijana mwerevu kwa tatizo la kweli. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, mbele yake maji, na mchana wa joto mara nyingi hufungwa na ngurumo za jioni. Kati ya Machi na Mei ngozi hulegea hadi mpigaji anaipasha moto karibu na jiko kabla ya kuanza. Kwa nini asiweke plastiki, ambayo wapiga ngoma wa Marekani wanaitumia tangu mwaka 1957, Remo Belli alipoanza kuiuza?

Plastiki yenyewe haitasogea, kweli. Bakuli litasogea. Mti huvimba na kusinyaa kwa msimu, na haupanuki sawa pande zote: kukata mwelekeo wa nyuzi za mti hupanuka sana, kufuata mwelekeo huo karibu haupanuki. Ngozi husogea pamoja na mti wake. Plastiki hubaki pale pale, na kitakachotokea ni kukunjamana upande mmoja na kubana upande mwingine.

Wenzetu wakubwa wamepitia njia hii kwa gharama kubwa. Mwaka 1962 kampuni ya Steinway ya New York, watengenezaji wa piano, waliondoa kitambaa cha sufu kilichozungukia pini ndogo ndani ya mitambo ya nyundo, wakaweka Teflon. Hoja yao ilikuwa ile ile ya kijana wetu: sufu hunywa unyevu, Teflon hainywi. Ila Teflon ilikaa ndani ya mti, na mti ukaendelea kuvimba na kusinyaa. Piano zikaanza kutoa vilio vidogo vya kugongana, mafundi wakakasirika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ikarudi kwenye kitambaa. Kipuri kisichobadilika ndani ya chombo kinachobadilika kilizua ugonjwa ambao hapo awali haukuwepo.

Ukiwa na bakuli la chuma au la fibaglasi, weka plastiki. Lakini hapo sijui kwa nini unaiita nyatiti.

"Ule mvumo ni kasoro, fundi mzuri anauondoa."

Mara nyingi dai hili hutoka kwa mtu aliyefundishwa muziki kwa piano au violini. Anasikia nyatiti, anasikia juu ya kila noti kitu kama nyuki ndani ya kopo, na anadhani kuna kipande kimelegea. Kisha anampa fundi daraja jipya la mti mgumu uliopigwa msasa, au la mfupa, safi, laini, na nyatiti inatoka pale ikisikika kama kinubi cha mtoto.

Daraja la matete lililoshikizwa kwa nta ya nyuki halikuchaguliwa kwa umaskini. Uzi ukitetemeka hugusagusa daraja, na huko kugusa ndiko kunakokata sauti vipande vipande na kuipa makali. Makali hayo ndiyo yanayoiwezesha kusikika juu ya gara, njuga zinazolia mguuni, pete ya chuma inayogonga mti, na waitikiaji wanaoimba. Ondoa mvumo, utahitaji maikrofoni. Obokano ya Abagusii, jirani zetu wa milimani, kubwa na yenye sauti nzito, nayo inavuma. Endongo ya Waganda inavuma kwa nyuzi kukaribia ngozi. Ukanda mzima huu wa ziwa umekubaliana kuhusu jambo hilo bila kufanya mkutano.

Mvumo una kipimo chake, hata hivyo. Ukizidi, noti inapotea. Nta ndiyo inayorekebisha: ongeza kidogo, punguza kidogo, sogeza daraja kwa upana wa ukucha. Nta ya mshumaa wa dukani haifai, ni parafini, huvunjika ikipoa. Nta ya nyuki hunata na kubonyea kwa joto la kidole. Kati ya vipuri vyote vya nyatiti, hiki ndicho cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachodharauliwa zaidi, nami naona ajabu kwamba watu hugombana mwaka mzima kuhusu nyuzi na hakuna anayemuuliza fundi nta yake ilitoka wapi.

"Mashine za gitaa ni maendeleo, pete za vitambaa ni za kizamani."

Kuna ukweli. Mwanamuziki anayepiga pamoja na kinanda cha umeme na gitaa la besi hana nafasi ya kuzungusha pete za vitambaa dakika tano kati ya nyimbo mbili. Mashine yenye meno hushika sauti pale ulipoiacha. Hata krar ya Ethiopia, ndugu wa mbali wa nyatiti, siku hizi utaiona nyingine ina mashine.

Ninachokataa ni namna inavyofanywa. Ala ya zamani inaletwa, upau wake wa mviringo, mwembamba kama kidole gumba, unatobolewa mashimo manane kwa mstari mmoja. Upau uliokuwa ukibeba mzigo wake wote kwa nyuzinyuzi zisizokatwa sasa umekatwa mara nane. Hupasuka kwa urefu, kutoka shimo hadi shimo, na si siku ile ile ya kazi. Husubiri hadi fundi awe amelipwa. Anayetaka mashine atengenezewe upau mpya, mnene zaidi, wa mti mgumu, na ule wa zamani auhifadhi pamoja na pete zake. Siku akichoka na mashine ataurudisha.

Pete zikiteleza, sababu mara nyingi ni kitambaa cha nailoni kilichofungwa chini ya uzi wa nailoni. Viwili vyenye utelezi havishikani. Rudisha pamba.

"Mti ni mti, mbao za dukani zinatosha."

Kwa bakuli, mafundi husifu mti mwepesi unaochongeka, kama mkuyu, na wana sababu: bakuli jepesi huitikia upesi. Kwa mkono wa chini hadithi inageuka. Jathum huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavu mbele yake, na kidole kikubwa cha mguu wa kulia kina pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mti huo kwa kila mpigo wa wimbo. Mbao za saiprasi au paini kutoka duka la mbao, nyororo na zilizonyooka, hubonyea chini ya chuma hicho. Baada ya msimu mmoja utaona bonde dogo jeupe pale pete inapotua, na mdundo uliokuwa "ko, ko, ko" umekuwa "pu, pu". Mkono huo uwe mti mgumu na mkavu. Mbichi hujipinda ukikauka, na ukijipinda huenda na upau.

"Nyatiti ya msichana ifungwe nyuzi nyembamba, vidole vyake ni laini."

Agizo ni zuri, sababu ni mbovu. Vidole vya kila anayeanza ni laini, na vya kila anayeendelea huota sugu. Eriko Mukoyama, Mjapani anayejulikana zaidi kwa jina la Anyango, alijifunza Siaya na kuipeleka nyatiti majukwaani ng'ambo wakati wengi walikuwa wakisema mwanamke haigusi. Sidhani vidole vyake vilikuwa hoja.

Sababu ya kweli ni koo. Nyatiti hutuniwa kufuata sauti ya mwimbaji, na sauti ya msichana iko juu zaidi. Tuseme anaimba noti nne juu ya mwalimu wake wa kiume, kutoka do hadi fa. Akizikaza nyuzi zile zile hadi zifike hapo, mvuto unakaribia kuongezeka maradufu. Akitumia zenye robo tatu ya unene, yaani 0.6 badala ya 0.8, mvuto unabaki ule ule na vidole vinazikuta nyuzi zikiwa na ugumu ule ule. Kijana wa kiume mwenye sauti ya juu anastahili nyuzi hizo hizo.

Kwa walimu wanaozishusha nyatiti kutoka kabatini mwaka huu, ombi langu ni dogo. Msizitupe nyuzi zilizokatika. Kila moja ifungwe kipande cha karatasi chenye namba yake, kutoka ya juu hadi ya chini, na zote ziende pamoja na ala kwa fundi. Atazipima, atajua kilichokuwa mahali gani, na hatalazimika kukisia. Na mpelekeni mapema, angalau wiki tatu kabla ya tamasha, ili ngozi ipate kukauka na nailoni ipate kutulia.